Ukumbi juu, duka chini: jengo la Mtakatifu Luka la Richmond, na duka lililopigwa vita mpaka likafungwa

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitaushusha kwa vipande kwa sababu naandika nikitoka kazini.

Niko Richmond, jimbo la Virginia, mwaka wa sita sasa, kazi yangu kupeleka vifurushi. Kwenye njia yangu kuna jengo la matofali la ghorofa nne, namba 900 Mtaa wa St. James. Ukisimama mbele yake huwezi kuongea kwa sauti ya kawaida, maana barabara kuu ya magari ya kasi imepita jirani na malori hayakatiki usiku na mchana. Nililipita zaidi ya mwaka mzima nikidhani ni ghala la zamani lililogeuzwa nyumba za kupanga. Siku moja nikampelekea kifurushi mama mmoja mtu mzima anayekaa jirani na pale. Akatia saini, akaniona nalitazama lile jengo, akanyoosha kidole: "Bibi yangu alianza kuweka senti zake humo akiwa mtoto." Nikamuuliza humo wapi, maana sikuona benki yoyote. Akanijibu, "Humo ukumbini."

Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata kuhusu jengo hilo, na nimeona niwaletee hapa, kwa sababu ni habari ya watu waliochangishana fedha za mazishi mpaka wakapata gazeti, benki na duka. Gazeti na benki vilidumu. Duka liliuawa, na nataka tuelewe liliuawaje.

Nianze na aina ya jengo lenyewe. Ukizunguka miji midogo ya Marekani iliyojengwa karne ya 19 utakuta mpango mmoja unajirudia: chini duka la bidhaa mchanganyiko, yaani chumvi, misumari, vitambaa, mafuta ya taa, mbegu, juu ukumbi wa chama cha udugu, ambao wenyewe huita loji. Ngazi ya kwenda juu mara nyingi ina mlango wake peke yake pembeni, mwanachama apande bila kupita kaunta. Ilikuwa hesabu tu. Chama kina michango ya wengi lakini hakina kipato cha kila mwezi. Mwenye duka ana biashara lakini hana fedha za kujenga. Chama kinajenga, kinapangisha chini, na kodi ya duka inalipa deni la ujenzi na kuni za kupashia ukumbi moto. Na siku za mkutano wakulima wakishuka ngazi usiku wanapitia dukani kabla ya kufunga safari ya nyumbani. Majengo ya namna hiyo bado yapo mengi, mengine yana alama ya pete tatu za mnyororo juu kabisa ya ukuta wa mbele. Ukiona pete hizo, ujue hapo walikaa Odd Fellows.

Mkaa Gizani

Mkuu kabla hujaendelea. Hizi loji si ndiyo Frimasoni hao hao? Huku kwetu ukitaja loji watu wanafunga milango.

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Swali la haki, ndugu yangu. Frimasoni ni chama kimojawapo tu. Vilikuwapo vingi. Odd Fellows wa Marekani walianza Baltimore tarehe 26 Aprili 1819, mwanzilishi wao ni Thomas Wildey, fundi aliyehamia kutoka Uingereza. Zile pete tatu ni urafiki, upendo na kweli, na amri zao zilikuwa nne: kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye dhiki, kuzika wafu na kusomesha yatima.

Zisome tena hizo amri kama mfanyakazi wa miaka ile. Hakuna bima ya afya, hakuna mfuko wa hifadhi ya jamii, kiwandani ukikatwa mkono unaondoka na mkono wako mmoja. Chama kilikuwa ndiyo bima. Unalipa ada kila wiki au mwezi, ukiugua unapewa kiasi fulani cha kula, ukifa wanakuzika na mjane anashikwa mkono.

Na ile siri? Sehemu kubwa ilikuwa na kazi ya kawaida kabisa. Fundi anatoka mji mmoja kwenda mwingine kutafuta kazi, anaumwa njiani, anagonga mlango wa loji ya watu wasiomjua. Watajuaje kwamba ni mwenzao na si tapeli aliyefuata fedha za wagonjwa? Hana kitambulisho chenye picha. Ndiyo maana ya neno la siri na namna ya kushikana mkono, na neno lilikuwa linabadilishwa ili aliyeacha kulipa ada asiweze kuingia. Hayo mavazi na viapo walivipenda pia, sikatai. Watu waliokuwa wanaitwa "boi" mchana kutwa walipenda saa mbili za kuitwa "mheshimiwa" usiku.

Mama Wawili

Hapo mleta uzi umenigusa. Marehemu mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana mtaani kwetu Tanga. Daftari lake lilikuwa la jalada gumu, amelifunga na mpira, analiweka chini ya godoro. Hata sisi watoto hatukuruhusiwa kulishika. Endelea, nimekaa.

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Asante dada. Liweke hilo daftari karibu, tutalirudia.

Vyama vya Weupe havikuwapokea Weusi. Walichofanya Weusi ni kwenda kuchukua hati kule kule vyama vilikotoka. Prince Hall na wenzake wa Boston walipata hati yao ya Frimasoni kutoka Uingereza mwaka 1784, loji yao ikapewa namba 459. Peter Ogden, baharia Mweusi, alifanya hivyo hivyo kwa Odd Fellows: akavuka bahari, akarudi na hati kutoka Uingereza, na loji yao ya kwanza ikafunguliwa New York mwaka 1843. Baada ya utumwa kwisha vyama vya Weusi vikaota kila mahali, na Richmond ikawa moja ya miji yake mikubwa.

Sasa kisa cha sefu. Naomba mkisome polepole.

Kulikuwa na chama kiitwacho True Reformers, tuseme Wanamageuzi wa Kweli, kilichoongozwa na William Washington Browne, mtu aliyezaliwa utumwani Georgia. Mwaka 1887, katika wilaya ya Charlotte hapa Virginia, tawi lao moja halikuwa na mahali salama pa kuweka michango. Wakaiweka kwa mwenye duka Mweupe, ndani ya sefu yake, kama watu wengi wa shamba walivyofanya; duka la jumla lilikuwa posta, benki na kilabu cha umbea vyote kwa pamoja. Ikatokea mtu Mweusi akauawa na kundi la watu bila hukumu. Hali ikachafuka. Yule mwenye duka, akiona fedha za Weusi zinavyoongezeka sefuni kwake, akawaeleza Weupe wenzake kwamba hawa watu wamejipanga na wana fedha. Wakakusudia kulivunja tawi.

Yaani siri ya chama, maneno yote ya mlangoni na viapo, ilivuja kwa sababu ya mahali fedha zilipolala. Browne alipoletewa habari ile, jibu likawa kufungua benki yao wenyewe. Kibali kilitoka mwaka 1888, benki ya kwanza ya Weusi kupata kibali Marekani, na ikaanza kazi Aprili 1889 nyumbani kwa Browne. Siku ya kwanza iliingiza dola 1,269.28. Baadaye wakawa na gazeti, hoteli, nyumba ya wazee, na maduka katika miji kadhaa. Mjini Washington wana jengo lao la mwaka 1903, pembe ya Mtaa wa 12 na U, limechorwa na msanifu Mweusi John A. Lankford: chini biashara, juu kumbi. Duke Ellington, yule mwanamuziki maarufu wa jazi, alipiga muziki humo akiwa kijana kabla hajajulikana.

Kesho naleta Mtakatifu Luka.

Mzee wa Mizani

Nimesoma mara mbili hicho kisa cha sefu. Anayekuhifadhia fedha anajua nguvu yako. Tunasubiri kesho.

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Nimerudi wakuu.

Chama huru cha Mtakatifu Luka kilianza mwaka 1867 Baltimore, mwanzilishi mwanamke Mweusi aitwaye Mary Prout, na kikaanza kama chama cha wanawake cha kuuguzana na kuzikana. Kikafika Richmond. Miaka kumi na kitu baadaye akajiunga binti wa miaka 14, Maggie Lena. Mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, na baba wa kambo alipokutwa amekufa mtoni mwaka 1876, mama akaingia kazi ya kufulia watu nguo. Maggie ndiye aliyezibeba kuzipeleka na kuzifuata. Alipokuwa mtu mkubwa alisema hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni, alizaliwa na kapu la nguo za kufua kichwani. Akasoma, akafundisha shule, akaolewa mwaka 1886, akawa Maggie Walker, na hapo akalazimika kuacha ualimu, kwa sababu mwanamke aliyeolewa hakuruhusiwa kufundisha. Nguvu yote akaihamishia chamani.

Mwaka 1899 chama kilikuwa kinakufa. Walipomkabidhi ukatibu mkuu, mfukoni kulikuwa na dola 31 na senti 61, na madeni ya kama dola 400. Katibu aliyetangulia alikuwa ameondoka akiamini hakiponi. Maggie Walker akachukua kazi hiyo kwa mshahara mdogo kuliko wa mtangulizi wake, akaanza kuzunguka matawi.

Agosti 1901 akasimama mbele ya wajumbe akawaambia wanahitaji vitu vitatu: gazeti, benki, na mahali pa kazi na biashara kwa ajili ya wanawake. Fikirieni hesabu yake. Wanawake Weusi wa Richmond walikuwa wafuaji, wapishi na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku. Kila mmoja ana senti chache. Senti hizo zinatoka mkononi mwa mwajiri Mweupe Jumamosi jioni, na kabla ya Jumatatu zimesharudi kwa mwenye duka Mweupe, au zimewekwa katika benki isiyompa yeye mkopo. Yeye akasema tuweke fedha zetu pamoja, tuzizalishe wenyewe kwa wenyewe, na faida tuile sisi.

Gazeti likatoka 1902. Ukumbi wa Mtaa wa St. James ukamalizika 1903. Na tarehe 2 Novemba 1903, humo humo ukumbini, chini, ikafunguliwa benki ya akiba ya senti ya Mtakatifu Luka. Watu wapatao 280 waliweka fedha siku ile, zaidi ya dola 8,000 jumla. Wengine walikuja na mamia. Mmoja alikuja na senti 31.

Huyo wa senti 31 ndiye ninayemfikiria ninapopita pale. Amevaa nguo zake nzuri, amesimama kwenye foleni moja na mwenye mamia, akafika dirishani akahesabiwa senti zake, akaandikiwa kitabu. Watoto nao walipewa visanduku vya karatasi ngumu vya kudundulizia. Kikifika dola moja unakileta benki, unafunguliwa akaunti. Bibi wa yule mama wa kifurushi bila shaka alipitia mlango huo.

Maggie Walker akawa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki na kuwa rais wake.

Mama Wawili

Senti 31! Mama alikuwa anapokea hata shilingi kumi kumi, anaandika jina kamili la mtu. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, akasema aliyeandikwa jina lote harudi nyuma.

Kijana wa Ilala

Mkuu tuletee duka. Kichwa cha uzi kinasema lilipigwa vita.

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Naam, duka.

Mwaka 1904 kampuni ya tramu ya Richmond iliwatenga Weusi viti vya nyuma. Weusi wakagoma kupanda, wakatembea kwa miguu miezi na miezi, na gazeti la Mtakatifu Luka lilikuwa mstari wa mbele kuwahimiza. Mwaka huo huo kampuni ikaanguka. Kwa hiyo mji ulikuwa tayari umeona kinachotokea Weusi wakizuia senti zao.

Aprili 1905 chama kikafungua duka kubwa la Mtakatifu Luka, na hawakulifungua ndani ya mtaa wao. Walinunua jengo la ghorofa tatu Mtaa wa Broad, namba 112 mashariki. Broad ndio ulikuwa mtaa wa maduka makubwa ya Weupe. Huko mwanamke Mweusi alikuwa ananunua kofia bila kuruhusiwa kuijaribu kichwani, na anasubiri mpaka Weupe wote waliomkuta na waliomfuata wahudumiwe. Kwenye duka la Mtakatifu Luka aliingia mlango wa mbele, akavaa kofia, akajitazama kwenye kioo. Wauzaji walikuwa wanawake Weusi, kazi safi ya kaunta ambayo mjini hapa hawakuwa wakipewa. Na dirishani zile sanamu za kuonyeshea nguo zilikuwa za rangi ya kahawia. Nimesoma mengi kuhusu duka lile na hilo la sanamu ndilo limenikaa. Kuna mtu alikaa akafikiri kwamba gauni likipita machoni pa msichana Mweusi aliye barabarani, alione limevaliwa na mtu anayefanana naye.

Vita ilianza hata kabla ya mlango kufunguliwa. Habari za ununuzi wa jengo zilipotoka, wafanyabiashara Weupe walikuja na ofa ya kulinunua kwa bei ya juu kuliko chama kilicholipa. Chama kikakataa. Wakaunda umoja wao, kisha wakawaendea wauzaji wa jumla, wa Richmond na hata wa New York: ukimuuzia Mtakatifu Luka, sisi hatununui kwako.

Hapo ndipo shingo ya duka ilipokamatwa. Mteja unaweza kumwomba, unaweza kumhubiria kanisani. Muuza jumla aliyetishiwa hana haja na mahubiri yako. Bidhaa zikawa ngumu kupatikana, zilizopatikana zikaja kwa bei ya juu, na mwenye bei ya juu rafuni hana ujanja.

Machi 1906 Maggie Walker akaita mkutano wa wanaume peke yao kwenye ukumbi wa St. James. Akawahutubia juu ya Benaya, yule shujaa wa Daudi aliyeshuka shimoni siku ya theluji akamuua simba. Akawaambia simba yuko Richmond, ni chuki ya rangi, na kila siku mnamlisha wenyewe kwa fedha zenu. Dawa ya kumuua simba ni kuacha kumlisha. Akawauliza waziwazi wangapi kati yao wake zao wamekanyaga duka lile. Ni hotuba ya mtu anayeona chombo kinazama na abiria wanaangalia pembeni.

Duka halikutimiza miaka 7. Mwanzoni mwa 1912 lilikuwa limeshafungwa.

Mzee wa Mizani

Mleta uzi, mimi nimefanya biashara ya rejareja miaka zaidi ya ishirini, niseme kwa heshima. Lawama kubwa iwe kwa wateja. Vita ya wauza jumla ipo kila mahali, lakini watu wako wakiingia kwa wingi, hata ukipata bidhaa kwa shida utaziuza. Watu walitaka kuzikwa na Mtakatifu Luka, lakini kofia wakanunue kwa mwingine.

Fundi Cherehani

Mzee wangu, hapo sikubaliani nawe. Mfuaji nguo ana senti hamsini mpaka Jumamosi. Duka la kwanza linauza kitambaa yadi senti kumi, la pili senti kumi na tatu. Unataka alipe tatu za ziada kila wiki kwa ajili ya heshima? Ana watoto. Wateja wanafuata bei, na bei ilipandishwa na wale walioziba njia ya bidhaa.

Mzee wa Mizani

Nimekusikia fundi. Ila nawe ukumbuke kwamba walioshiriki mgomo wa tramu walitembea kwa miguu miezi. Hao hao. Kwa hiyo kujinyima waliweza.

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Mmebishana vizuri na nimefurahi, maana hoja hizi mbili nimezigeuza kichwani kwa muda mrefu.

Mzee, mgomo wa tramu ulihitaji miguu tu. Hakuna wa kukuzuia kutembea. Benki nayo ilihitaji senti za wanachama na mtu mwaminifu wa kuziandika, na vyote viwili vilikuwa ndani ya chama. Hakuna muuza jumla wa senti. Duka ni kitu kingine. Duka limefungwa kamba kwa mtu aliye nje: mwenye kiwanda, mwenye ghala, anayekupa bidhaa kwa mkopo wa siku thelathini. Maggie Walker alikuwa na uwezo juu ya kila kilichoanzia mkononi mwa mwanachama, na hakuwa na uwezo juu ya kilichoanzia New York. Hiyo ndiyo hukumu yangu. Wateja waliopita mlango bila kuingia walikuwapo, naye mwenyewe aliwalaumu, lakini wasiwe ndio kichwa cha habari.

Kuna jambo lingine lililotokea katika miaka hiyo hiyo. Oktoba 1910 benki ya True Reformers, ile ya kisa cha sefu, ilianguka. Ilikuwa imetoa mikopo mibovu kwa miradi ya chama chenyewe, usimamizi ulikuwa dhaifu, na wizi wa ndani ukamalizia. Watu waliokuwa wameweka akiba ya maisha walipoteza. Virginia ikabana sheria, benki zikatakiwa zitenganishwe na vyama vyao, na benki ya Mtakatifu Luka ikasimama peke yake na hesabu zake. Kwa hiyo ukijiuliza kwa nini Maggie Walker hakuendelea kulimiminia duka fedha mpaka lipone, ukumbuke aliona jirani yake alivyozamishwa na kumimina. Aliacha duka lifungwe na akaiokoa benki. Kwa mtu aliyelipigania vile, najua ulikuwa uamuzi mchungu.

Na benki ikafanya kazi. Kufikia 1920 ilikuwa imewakopesha Weusi wa hapa mpaka zaidi ya familia 600 zikamiliki nyumba zao. Katikati ya miaka ya 1920 chama kilikuwa na wanachama zaidi ya 50,000. Jengo la St. James lenyewe lilipanuliwa katika miaka ya 1910, mchoraji Charles T. Russell, msanifu Mweusi wa hapa hapa. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipofika, benki ikaungana na benki nyingine za Weusi kuanzia 1930 na kuitwa Consolidated, Maggie Walker akiwa mwenyekiti wa bodi. Miguu ilikuwa imeshamwisha, alifanya kazi kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 15 Desemba 1934. Benki iliendelea kwa jina hilo la Consolidated hadi karne hii.

Kijana wa Ilala

Na hiyo barabara ya magari ya kasi ilifikaje hapo? Au mtaa ulikuwa hauna watu?

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Ulikuwa na watu wengi sana, mdogo wangu. Mtaa wote uliitwa Jackson Ward, ndio ulikuwa moyo wa biashara za Weusi hapa: benki, ofisi za bima, kumbi za muziki, makanisa, vinyozi. Katika miaka ya 1950 serikali ikaamua kupitisha barabara kuu, ikachora mstari katikati yake, nyumba kwa mamia zikabomolewa, na mwaka 1958 magari yakaanza kupita. Jengo la Mtakatifu Luka likabaki upande wa kaskazini, peke yake, limekatwa kutoka nyumba ya Maggie Walker na sehemu kubwa ya mtaa iliyobaki kusini. Zile familia zaidi ya 600 za mikopo ya benki nilizozitaja, sehemu ya nyumba zao zilikuwa humo humo. Nashindwa kuliandika hili bila hasira kwa hiyo niishie hapo.

Jengo liliorodheshwa katika sajili ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1982, na miaka ya karibuni limekarabatiwa, watu wanaishi ndani.

Mama Wawili

Asante sana kaka kwa uzi huu. Binti yangu yuko Maryland, nataka nikija kumtembelea anilete huko. Kuna cha kuona, au ni lile jengo la nje tu?

Mbeba Mizigo (mleta uzi)

Kipo dada, karibu sana. Nyumba yake iko Mtaa wa Leigh mashariki, namba 110½, inatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa na kuingia hakulipishwi. Waliinunua ikiwa na vyumba 9, ikaongezwa mpaka ikafika 28 kwa sababu alikaa na watoto, wakwe na wajukuu chini ya paa moja. Fanicha ni zile zile zake, na kuna lifti aliyowekewa mwaka 1928 alipokuwa hawezi tena ngazi. Kutoka hapo mnatembea kwa miguu hadi Mtaa wa Broad. Kwenye makutano ya Broad na Adams kuna sanamu yake ya shaba iliyozinduliwa tarehe 15 Julai 2017, siku ya kuzaliwa kwake. Mkishaiona, fuateni Broad kuelekea mashariki hadi namba 112. Ndipo duka lilipokuwa.

Mkitaka na jengo la St. James, nitafuteni kwa ujumbe binafsi, nitawapeleka mwenyewe. Twendeni Jumapili asubuhi mapema, malori huwa machache, mtasikiana.